Zamu ya Athumani

Nilimtambua Salama kwa kikohozi. Chumba cha juu nyumbani kwa marehemu Bi Zuena, kule Kibokoni, kilikuwa kimejaa wanawake. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega juu ya mikeka, kisomo kimekwisha, kahawa inapita, na kila mtu anamweleza jirani yake jinsi marehemu alivyokuwa na mkono mzuri wa mahamri. Ndipo upande wa dirishani mtu akakohoa, kikohozi kikavu cha kusafisha koo kabla ya kusema neno. Nilikuwa sijakisikia kwa miaka na miaka. Nikamwomba mama aliyekuwa karibu nami anivushe hadi dirishani, akanishika mkono, tukapita juu ya magoti ya watu tukiomba radhi. Kabla sijafungua mdomo, yule wa dirishani akasema, "Maimuna. Bado wajipaka mafuta yale yale." Tukashikana, tukalia kwa sauti, na wanawake wakatuombea subira kwa msiba wa Bi Zuena. Kweli tulikuwa tukimlilia Bi Zuena. Lakini tulikuwa tumekaa katika chumba kile, karibu na dirisha lile, na wote wawili tulijua tunalia nini zaidi.

Sitaeleza hapa nimezaliwa wapi wala macho yangu yalipotea vipi. Watu hupenda kuanza na hayo, nami yananichosha. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule tuliomaliza skuli na kukuta hakuna aliyekuwa akitungojea. Tulikuwa wanne, sote vipofu. Athumani alikuwa mwana wa Bi Zuena, mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na kifua chake. Salama alikuwa binamu yake, mtoto wa khalati yake, dada wa Bi Zuena. Kioko alikuwa Mkamba wa Tononoka, baba yake akifanya kazi reli, na Kiswahili chake tulikicheka mpaka akajifunza kutucheka na sisi. Wa nne mimi. Tulizunguka maofisini na vyeti vyetu, tukakaribishwa vizuri sana, tukapewa chai, tukaambiwa tutapigiwa simu. Siku hizi mimi ndiye ninayepokea simu katika ofisi moja ya mjini, na maneno hayo nawasikia wengine wakiambiwa.

Kwa kuwa hatukuwa na pa kwenda, kila baada ya sala ya alasiri tulikwenda kwa Bi Zuena. Ngazi zake zilikuwa nyembamba na kidato kimoja kilicheza, na aliyekuwa mbele alikipiga kwa kisigino kumwonya wa nyuma. Chumba cha juu kilikuwa na godoro la Athumani, mkeka, na kuta ambazo ukiziegemea hukuachia chokaa mgongoni. Chini jikoni Bi Zuena alikuwa akikaanga viazi vya karai vya kuuza, na harufu ya ukwaju ilipanda kwa dirisha. Alituletea sahani na kitambaa kilicholowa maji, maana hakuna aliyeruhusiwa kugusa simu na mkono wenye mafuta. Mlango uliachwa wazi, kwa sababu ya adabu na kwa sababu alitaka kusikia. Simu ilikuwa ya Athumani. Kaka yake Sefu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alimnunulia ili asiwe mpweke siku ambazo mifupa ilimuuma. Tulisema mifupa. Ugonjwa wenyewe ni ule wa damu wa seli mundu, aliozaliwa nao, nao ulipomshika alikuwa akilifinya godoro na kuomba mtu yeyote azungumze jambo lolote.

Ndani ya simu ile ndimo ulimokuwa mchezo. Haukutengenezewa watu kama sisi. Unaongoza kundi la wasafiri wanne katika nchi iliyotekwa na jeshi la wafu, mnakwenda mji hadi mji, mnazungumza na watu, mnanunua dawa, mnapigana. Kilichotuokoa ni kwamba mapigano yake yalikwenda kwa zamu. Hapakuwa na kukimbizana wala kulenga kwa jicho. Adui akishapiga, mchezo husimama na kumngoja msafiri ambaye zamu ni yake, na ungengoja hata mwezi. Maelezo yote yalikuwa ya maandishi, na simu za vipofu husoma maandishi kwa sauti, unapitisha kidole inakutajia ulichogusa. Shida ilikuwa vitufe. Vilikuwa picha tupu, bila neno. Ukigusa cha kupiga, sauti ilisema, "Kitufe." Ukigusa cha kukimbia, "Kitufe." Athumani alikaa na simu kifuani majuma mengi, akibonyeza kimoja kimoja na kusikiliza nini kimetokea. Aliwaua wasafiri wake kwa kila njia inayowezekana. Alipokijua kitufe, alikipa jina, kwani programu inayotusomea humruhusu mwenye simu kuandika jina lake mwenyewe mahali palipo kimya.

Majina aliyoyaweka hayakuwa ya vitabuni. Cha kupiga alikiita "Mtie adabu." Cha kukimbia, "Tokeni mbio musione haya." Mfuko wa chakula aliuita "Mwenye ndaa ale," na cha kuinua ngao, "Nipigeni mimi." Sauti ya simu ilikuwa ya bibi wa Kiingereza, na alivyoyatamka maneno hayo, kwa heshima kubwa na bila kuelewa hata moja, tulicheka mpaka Bi Zuena akapanda ngazi kuuliza kumezidi nini. Sijapata kucheka vile tena. Nasema hivi bila kutaka kuhurumiwa. Kuna vicheko vya mtu kuburudika, navyo ninavyo, lakini kile cha chumba kile kilikuwa cha watu waliofungiwa nje kila mahali halafu mmoja wao akatoboa ukuta kwa kidole.

Kila mmoja wetu alikuwa na msafiri wake. Wangu alikuwa mpiga mishale, na Kioko hakuchoka kusema kuwa nchi ile imekwisha ikiwa inalindwa na mishale ya kipofu. Salama alikuwa tabibu. Athumani alikuwa mbeba ngao, anayetangulia mbele na kupokea mapigo ili wengine wapate nafasi. Wa Kioko alikuwa mchawi, naye alituletea balaa. Bi Zuena alikuwa mlangoni siku ile na sahani, akamuuliza mwanawe, "Huyu mzungu yuwasema nni?" Athumani, ambaye hakujua kudanganya, akafasiri, "Asema mtawi wa Kioko amewasha moto." Sahani ikatua sakafuni kwa kishindo. "Mtawi? Ndani ya nyumba yangu, yasomwa Kur-ani humu?" Kioko akajitetea, "Mama, si mchawi hasa. Ni kama fundi wa moto." "Fundi wa moto ni mimi," akasema Bi Zuena, "naamka alfajiri kwa ajili ya jiko. Huyo wako ni mtawi, na hapa hakai." Yakafanyika mazungumzo marefu, viazi vikipoa. Mwisho wake Kioko akambadilisha msafiri wake jina akamwita Mpishi, na Bi Zuena akaridhika kabisa. Tangu hapo kila akipanda aliuliza, "Na Mpishi hajambo?"

Tulikuwa na sheria moja, nayo ilizaliwa na ugomvi wangu. Siku moja niliteremka kutawadha, na Kioko, ambaye subira hana, akamchezea msafiri wangu zamu yake. Niliporudi nikafoka hadi jirani wakachungulia. Salama akashangaa, kumbe hasira zote hizi ni za mshale mmoja? Nikawaambia: nikisimama kando ya barabara, mtu hunishika mkono akanivusha, hajaniuliza kama navuka. Nikienda hospitali, daktari humuuliza aliyenipeleka, anaumwa wapi huyu. Chai yangu hutiwa sukari na mtu mwingine. Pamebaki mahali pamoja tu duniani ambapo naulizwa mimi, Maimuna, unataka kufanya nini, nawe Kioko umenijibia. Kisha Athumani akasema kwa ile sauti yake nzito, "Basi kila mtu na mtu wake. Mwenyewe asipokuwako, sote twangoja." Ikawa hivyo. Simu ilipita mkono hadi mkono, na zamu ya mtu ilimngoja mwenyewe. Salama alipokwenda Lamu arusini, simu ilikaa na pigano lililofunguliwa mpaka akarudi na halua yake, akakaa, akanawa, akamtibu Mpishi aliyekuwa karibu kufa siku zote hizo.

Kwa hiyo tulifika darajani polepole. Lilikuwa daraja la mwisho kabla ya mji mkuu wa wale wafu, na adui walikuja wengi kuliko tulivyowahi kukutana nao. Mishale yangu ilikuwa imekwisha. Tabibu hakuwa na dawa. Mpishi alikuwa hoi. Simu ikatangaza zamu ya mbeba ngao, na Athumani akaipokea, akakaa nayo. Angeweza kuinua ngao akasimama na kufa peke yake ili sisi tuvuke, au angeweza kutuambia tukimbie sote na kuanza safari upya. Tukamwachia, maana ni yake. Jioni ile mifupa ikamshika kuliko siku zote, na Sefu akaja na gari la rafiki yake wakamchukua hospitali. Akiteremshwa ngazi alisema, akipumua kwa shida, "Musimguse mtu wangu. N'takuya niamue mwenyewe."

Tulimtembelea wodini. Kulikuwa na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na mashine iliyopumua karibu na kichwa chake. Mkono wake ulikuwa wa moto. Bi Zuena alikuwa amekaa kitandani miguuni, akisoma kwa sauti ndogo, na Salama akainama, labda kwa kutaka kumchekesha, akamuuliza, "Vipi, umeshaamua?" Nikasikia Athumani akigeuza kichwa juu ya mto. "Bado nafikiri," akasema. Hatukusikia tena neno kutoka kwake. Alifariki siku iliyofuata kabla ya adhuhuri, akazikwa baada ya alasiri, saa ambayo tungekuwa tunapanda ngazi. Kioko alivaa kofia ya kuazima, akasimama makaburini kati ya wanaume wasiomjua, na aliporudi alinipa mkono wenye mchanga akasema, "Nimeweka mara tatu, walivyonielekeza."

Simu hatukuitaja. Kioko alitaka tuiulizie mara tu matanga yalipoanuliwa. Hakuwa na tamaa nayo. Aliogopa tu isije ikapotea. Salama na mimi tukamkatalia. Katika nyumba zetu huendi kwa wafiwa kuuliza mali ya maiti, tena mchezo, hali mama yake bado hajaweza kumeza chakula. Tukasema tungoje mpaka hitima ya arubaini ipite, ndiyo adabu. Siku zile za kungoja tulikutana upenuni kwa Salama na kuzungumza jambo moja tu: nani atakayeichukua zamu ya Athumani? Salama akasema hakuna, sheria ni sheria. Kioko akasema hata yeye hataki ichezwe. Alitaka ikae pale pale darajani, tuwe tukifungua mara moja moja, tumsikie bibi wa Kiingereza akisema "Mwenye ndaa ale," kisha tufunge. Hicho tu ndicho tulichokitaka. Sidhani watu wamewahi kutaka kitu kidogo zaidi.

Siku ya arubaini tulikula pilau chini, na Sefu mwenyewe akatuita ukumbini. Alikuwa mtu mpole, mwenye harufu ya sabuni ya kufulia na chumvi ya bandarini, na alimpenda mdogo wake kuliko tulivyoweza kumpenda sisi. Salama akazungukazunguka kwa heshima kisha akaitaja simu. "Ah, hiyo," akasema Sefu, na sauti yake ikachangamka kwa mara ya kwanza. "Hilo nilianza nalo, alhamdulillahi. Nimefuta kila kitu. Nyimbo, sauti sauti, ule mtezo wenu, yote, imekuwa kama ilivyotoka dukani. Kisha nikampa mwanafunzi mmoja wa madrasa asiye na uwezo, asikilizie Kur-ani. Mtu akifa na mambo yale yakabaki, huendelea kuandikiwa dhambi. Sikutaka nduyangu alale na mzigo." Nilisikia kijiko kikikoroga ndani ya kikombe, taratibu, muda mrefu. Alikuwa anangoja. Alikuwa amefanya jambo zuri kuliko yote aliyoyajua, na alikuwa anangoja sisi, rafiki za marehemu, tumwambie hivyo. Salama akakohoa. "Allah akulipe kheri, kaka Sefu," akasema. Nami nikasema, "Amin. Akulipe kheri."

Tulipotoka uchochoroni Kioko akasimama, hataki kwenda. "Mmemshukuru," akasema. "Amemfuta Athumani na nyinyi mmemshukuru." Salama akamjibu kwa ukali, "Watwambia tusemeni? Tumwambie nduguye alikuwa hai ndani ya simu?" "Ndiyo," akasema Kioko. "Hivyo hivyo. Ndivyo ilivyokuwa." Nimejaribu miaka yote hii kumchukia Sefu, na siwezi, na kutoweza kumchukia kumenila zaidi kuliko chuki. Chuki ingekuwa na mahali pa kukaa. Aliyafanya yale kwa imani na kwa mapenzi, akayafuta majina yote yaliyotolewa gizani moja moja, na hakujua hata kuwa yapo. Mtu mwenye macho akiitazama simu ile angeona picha za panga na ngao tu. Maneno ya Athumani hayakuonekana kwa jicho la yeyote.

Baadaye Kioko akapata simu yake, akatuita Tononoka. Mama yake alipika ugali na sukuma wiki, tukala, tukanawa, tukaufungua mchezo upya. "Kitufe," ikasema simu. "Kitufe. Kitufe." Tulianza kuviandikia majina. Tuliyakumbuka karibu yote, lakini kila tulipoandika moja na simu ikalisoma, hakuna aliyecheka. Tukaunda wasafiri wetu: mpiga mishale, tabibu, Mpishi. Tukagusa lango la mji tutoke. Sauti ikasema kundi halijatimia, nafasi ya nne haina mtu, chagueni wa nne. Simu ilikuwa mkononi mwa Salama. Akaipitisha kwangu. Nikaipitisha kwa Kioko. Kioko akaishika, akaishika, na mama yake kutoka jikoni akauliza kama imeharibika, mbona tumenyamaza hivyo. Kioko akaizima. Hatukugombana wala kuagana kwa maneno ya maana. Salama aliolewa Lamu kabla ya mwaka kuisha. Baba yake Kioko alistaafu, wakahamia kwao Machakos, na namba yake ilipobadilika hakunitumia mpya. Mimi nilipata kazi ya simu, watu wakanipongeza kwamba sasa maisha yameanza. Kwa hesabu yangu mimi yalikuwa yamekwisha, na hii kazi ni mabaki.

Siku ile ya msiba wa Bi Zuena, wageni walipopungua, Salama alinishika mkono tukateremka kukaa kwenye ngazi, karibu na jikoni ambako sasa hakunuki kitu. Tukaulizana habari za watoto wake na za kazi yangu. Akaniambia marehemu, kila alipomtembelea miaka ya mwisho, akili zikiwa zimeshamruka, alikuwa akimuuliza kama Mpishi hajambo. Kisha akanieleza kwamba siku hizi ipo michezo ya namna ile iliyotengenezwa kwa kuwafikiria vipofu, kila kitufe kina jina lake tangu mwanzo, hakuna haja ya kubahatisha. Nikamwambia najua. Ninao mmoja. Nauongoza peke yangu, wote wanne ni wangu, nawaamulia wote, na nikishinda nalala mapema. "Mimi pia ninao," akasema. Akatoa simu, akanitia sikioni kipande kimoja cha spika zake za masikio, na kingine akakiweka sikioni mwake.

Sauti sasa ni ya Kiswahili, safi, ya mwanamke kijana. Ikasoma kundi: mpiga mishale aitwaye Maimuna, fundi wa moto aitwaye Kioko, tabibu aitwaye Salama. Nikausikia mshale wangu ukiruka, na Salama akanishika mkono akauweka kwenye kioo ili mshale mwingine niutume mwenyewe. Nikautuma. Adui wakajibu. Halafu sauti ikasema, bila haraka, "Ni zamu ya Athumani."

Nikangoja aguse. Hakugusa. Mchezo nao ukangoja, muziki wake mdogo ukizunguka na kurudi pale pale. Juu yetu watu walikuwa wanakusanya vikombe.

"Humwamulii?" nikamuuliza.

"Namwamulia kwa haki gani?" akasema Salama. "Hufungua watoto wakenda skuli, nikafika hapa, nikangoja hata warudi. Kisha nikazima."

"Tangu lini wauteza hivi?"

"Miaka, Maimuna."

"Na umefika wapi?"

Akakohoa. "Pigano la kwanza," akasema. "Hili."